Ray Wood: Kipa wa Man U Aliyetoka Hai Munich, Kisha Akaja Kufundisha Harambee Stars

Machi 2025, Benni McCarthy alipotangazwa kocha wa Harambee Stars, Kanairo ilichangamka mbaya. Kutoka Kencom hadi stage ya Kawangware, kila fani wa Man U alijiona mshindi. Hatimaye msee wa Old Trafford amekuja kutushikia timu! Na enyewe sababu walikuwa nayo, kwa maana Benni alikuwa amefanya kazi na mastraika wa United kati ya 2022 na 2024.

Sasa shika hii, uende nayo kwa base yako leo jioni. Benni si wa kwanza.

Nusu karne kabla yake, mwaka wa 1975, Harambee Stars ilikuwa na kocha Muingereza aliyekuwa golikipa wa Man U. Si kipa wa kujaza nafasi. Alicheza mechi 208, akabeba ligi mara 2, akadakia England, akavunjwa shavu mbele ya Wembley nzima, na akatoka hai kwenye ndege iliyoua wachezaji 8 wa timu yake. Jina lake Ray Wood. Na kabla uulize: ile Woodley ya karibu na Toi haihusiani naye hata kidogo.

Ray Wood alikufa 2002, kabla wengi wenu hamjajua kupiga boli ya juala. Ukitaja Munich leo, fani wa Man U atakutajia Duncan Edwards, Bobby Charlton, Matt Busby, labda Harry Gregg. Wood hutajwa mwisho, kama anatajwa. Ukitaja makocha wa Stars, mambo ni yale yale. Kwa hivyo kaa hapo, tukuchambulie maisha ya huyu mzee pole pole.

Kijana wa Hebburn

Raymond Ernest Wood alizaliwa 11 Juni 1931 huko Hebburn, mji mdogo kando ya mto Tyne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Hiyo ni sehemu ya watu wa makaa ya mawe na viwanda vya kutengeneza meli. Kama ungezaliwa huko enzi hizo, maisha yako yalikuwa yamepangwa tayari: shimoni kuchimba makaa, ama kiwandani kugonga vyuma. Boli ndiyo ilikuwa mlango wa tatu, na ulikuwa mwembamba.

Alianza kama mchezaji wa ridhaa pale Newcastle United, halafu 1949 akaenda Darlington, timu ya madaraja ya chini. Hata hakukaa. Miezi michache tu na Man U wakamfuata. Tarehe 3 Desemba 1949, akiwa na miaka 18, aliwekwa golini Old Trafford dhidi ya nani? Newcastle, walewale alioanzia kwao. Mechi ikaisha 1-1.

Ungedhani hapo sasa ameomoka. Wapi! Baada ya siku hiyo, Wood alikaa karibu miaka 3 bila kupewa mechi nyingine ya ligi kwa timu kubwa. Mbele yake kulikuwa na Jack Crompton na Reg Allen, makipa wazima na wazoefu. Yeye kazi yake ikawa mazoezi, timu ya akiba, na kungoja.

Hapa ndipo unaanza kuelewa maisha ya kipa. Straika akikosa namba anaweza kusukumwa winga. Beki anaweza kusogezwa kiungo. Kipa hana pa kwenda. Nafasi ni moja, na mwenye nayo asipoumia ama kuharibu, utazeeka kwa benchi. Na siku hizo hata benchi lenyewe halikuwepo, kwa sababu sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji. Tutarudi kwa hiyo sheria, maana ndiyo ilikuja kummaliza.

Kipa wa Busby Babes

Kufikia msimu wa 1953-54, Wood ndiye alikuwa anakaa golini mara nyingi. Na alifika wakati mtamu. Kocha Matt Busby alikuwa anafagia wazee na kuingiza vijana wa mtaa waliokuzwa hapo hapo klabuni. Magazeti yakawabatiza Busby Babes. Roger Byrne alikuwa kapteni. Duncan Edwards alikuwa kijana mwenye mwili wa dume na miguu ya fundi. Eddie Colman, David Pegg, Mark Jones, Billy Whelan, Dennis Viollet. Mbele kulikuwa na Tommy Taylor, straika ambaye mpira ukiwa hewani ni wake.

Nyuma ya hao wote alisimama Ray Wood. Msimu wa 1955-56 wakachukua ligi. Msimu wa 1956-57 wakachukua tena. Karibu kila mechi ya misimu hiyo miwili Wood ndiye alikuwa langoni. England nao walikuwa wamemwona tayari: kati ya 1954 na 1956 aliitwa timu ya taifa akacheza mechi 3.

Pia alikuwepo wakati Man U walifungua njia ya Ulaya. Msimu wa 1956-57 wakawa klabu ya kwanza ya England kucheza Kombe la Ulaya, ile ambayo leo wewe unaiita Champions League. Septemba 1956 waliwachapa Anderlecht ya Ubelgiji 10-0. Kumi, msee! Na mambo ya kuchekesha ni kwamba hiyo mechi haikuchezwa Old Trafford, kwa sababu Old Trafford haikuwa na taa za usiku. Ilichezwa Maine Road, nyumbani kwa Man City. Peleka hiyo kwa marafiki zako wa City, uone watasema nini.

Nusu fainali wakapatana na Real Madrid ya Alfredo Di Stéfano. Wakatolewa, lakini walionyesha kwamba hawa vijana watarudi, na watarudi wakiwa wakubwa zaidi.

Usifikirie pia kwamba kubeba ligi mara 2 kulimfanya sonko. Mshahara wa mwanasoka England ulikuwa na kikomo, na hata kufikia 1961 kilipoondolewa kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Haijalishi wewe ni nani. Bingwa wa England alikuwa anapata doh ya fundi mzuri wa kiwanda. Kumbuka hilo, maana ndilo litakuonyesha kwa nini huyu mzee baadaye alizunguka dunia akitafuta kazi.

Dakika ya 6 pale Wembley

Tarehe 4 Mei 1957. Fainali ya Kombe la FA, Man U na Aston Villa. United tayari wana ligi. Wakishinda leo, wamebeba mbili kwa msimu mmoja, kitu ambacho hakuna timu ya England ilikuwa imefanya katika karne ya 20. Vijana wako sawa. Villa hawapewi nafasi.

Dakika ya 6 tu. Mpira wa kichwa wa Peter McParland, winga wa Villa, unamfikia Wood, anaudaka vizuri. Mchezo ulifaa kuendelea. Lakini McParland hakusimama. Alikuja na kasi yake yote akamgonga Wood uso kwa uso. Wote wawili chini. McParland akainuka. Wood hakuinuka. Mfupa wa shavu umevunjika, fahamu zimepotea.

Leo hiyo ni kadi nyekundu kabla hujamaliza kupepesa macho. Mwaka 1957, kumgonga kipa kwa bega ilikuwa sehemu ya mchezo, na refa aliona ni faulo ya kawaida. Wood akabebwa nje. Na kwa sababu hakuna kubadilisha mchezaji, Man U wakabaki 10. Jackie Blanchflower, ambaye ni beki, akavaa jezi ya kipa.

Subiri, bado. Baadaye Wood alirudi uwanjani. Shavu limevunjika, kichwa kinazunguka, lakini akarudi na kuwekwa winga, asimame tu huko pembeni ili Villa walazimike kumchunga mtu. Unaweza kufikiria? Leo daktari angemfungia nje wiki kadhaa.

Blanchflower alijikaza sana golini, lakini kipindi cha pili Villa wakafunga mbili. Mfungaji? McParland. Zote mbili. Tommy Taylor akarudisha moja zikiwa zimebaki dakika chache, na hapo Wood akarudishwa golini, na shavu lake hilo, ili Blanchflower aende kusaidia mbele. Haikutosha. Villa 2, United 1. Mbili kwa msimu mmoja zikayeyuka.

Fainali hiyo ilikuwa kati ya zile zilizofanya watu waulize kwa sauti kwa nini timu iadhibiwe kwa sababu mchezaji wake ameumizwa. England walijivuta, na ligi yao iliruhusu mchezaji wa akiba kuanzia msimu wa 1965-66 tu. Kwa hivyo siku nyingine ukiona kocha anaingiza watu 5 kwa mechi moja, jua kuna mzee alisimama winga na shavu lililovunjika kabla hiyo haki ipatikane.

Nafasi imeenda, na ndege inangoja

Msimu uliofuata, Wood alirudi golini lakini mambo hayakuwa yale. Magoli yalikuwa yanaingia, na Busby akaanza kuangalia kwingine. Desemba 1957 akamnunua Harry Gregg kutoka Doncaster Rovers kwa pauni 23,000 hivi. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia kwa golikipa. Ukinunuliwa kwa bei hiyo, hukuja kukaa. Gregg aliingia golini moja kwa moja, na Wood akarudi pale alipoanzia akiwa na miaka 18: kungoja.

Ndio sababu alikuwa kwenye ile ndege. Februari 1958 Man U walienda Belgrade kurudiana na Red Star katika Kombe la Ulaya. Golini alikuwa Gregg. Wood alisafiri kama kipa wa akiba tu, wa kuingia kama Gregg ataamka mgonjwa. Mwenzake kwa hilo alikuwa Geoff Bent, beki aliyebebwa kwa sababu kulikuwa na wasiwasi kuhusu afya ya kapteni Byrne. Wote wawili hawakucheza hata dakika moja. Mechi iliisha 3-3, United wakapita, na tarehe 6 Februari wakapanda ndege kurudi nyumbani.

Ndege ilitua Munich kuongeza mafuta. Theluji ilikuwa inaanguka. Rubani alijaribu kupaa mara ya kwanza, akasimamisha. Mara ya pili, akasimamisha. Abiria wakashushwa, wakarudishwa ndani. Mara ya tatu, ndege ilikimbia juu ya theluji iliyoyeyuka, mwendo ukashuka badala ya kupanda, ikapita mwisho wa njia, ikavunja uzio na kugonga nyumba.

Watu 44 walikuwa ndani. 23 walikufa. Wachezaji 8 walikuwa kati yao: Byrne, Bent, Colman, Jones, Pegg, Taylor, Whelan, na Duncan Edwards, ambaye alipigana hospitalini kwa siku 15 kabla ya kukata roho akiwa na miaka 21. Waandishi wa habari walikufa. Wafanyakazi wa klabu walikufa. Kuna mchezaji aliyekuja kama wa akiba akafa, na kuna mwingine aliyekuja kama wa akiba akapona. Bent na Wood. Hakuna hesabu ya kueleza hilo.

Wood alitoka na majeraha, akalazwa hospitalini huko Munich. Na sasa angalia vile maisha yanaweza kuwa. Yule aliyemnyang'anya namba, Harry Gregg, ndiye aliyekuwa shujaa wa siku hiyo. Gregg alitoka nje salama halafu akarudi ndani ya mabaki ya ndege kutoa watu, kati yao mama mmoja na mtoto wake mchanga, na pia Bobby Charlton na Viollet. Ungemchukiaje mtu kama huyo? Mwaka ule ule alienda Kombe la Dunia na Northern Ireland, akachaguliwa kipa bora wa mashindano. Mlango wa Old Trafford ulikuwa umefungwa kwa Wood, na aliyeufunga alistahili.

Baada ya Munich, Wood alicheza mechi moja tu zaidi ya Man U.

Huddersfield kwa Shankly

Desemba 1958 akauzwa Huddersfield Town, daraja la pili, kwa ada ndogo. Miaka 9 ya Old Trafford ikaisha hivyo. Alikuwa na miaka 27, umri ambao kipa huwa ndiyo anaanza kuiva.

Waliotoka Munich hawakupewa zulia jekundu. Johnny Berry aliumia vibaya hata hakucheza tena, na baadaye akatakiwa kutoka kwa nyumba ya klabu. Blanchflower naye boli iliishia hapo. Siku hizo hakukuwa na mshauri wa mambo ya akili wa kukaa nawe ukiamka usiku ukisikia chuma kikipasuka. Ulipewa mkono, ukaambiwa songa mbele.

Wood alisonga. Na kule chini alipata watu wa maana. Kocha wa Huddersfield alikuwa Bill Shankly, yule yule ambaye mwaka uliofuata alienda Liverpool na kuijenga upya. Kwenye kikosi kulikuwa na kijana mwembamba wa Scotland, Denis Law, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa Old Trafford. Beki wa kushoto alikuwa Ray Wilson, aliyebeba Kombe la Dunia na England 1966. Kwa hivyo fikiria msee mmoja ambaye amefundishwa na Busby na Shankly, wote wawili. Ni makocha wangapi duniani wamepitia madarasa hayo mawili?

Alidakia Huddersfield mechi zaidi ya 200 za ligi, hadi 1965. Kama kulikuwa na mtu aliyefikiri Wembley na Munich zimemmaliza, miaka hiyo ilikuwa jibu. Akapita Bradford City, kisha Barnsley, na kufikia 1968 akatundika glavu.

Kocha wa kubeba begi

Sasa, unastaafu ukiwa umecheza sehemu kubwa ya maisha yako ya boli chini ya kikomo cha mshahara. Huna akiba ya maana. Huna kazi nyingine uliyosomea. Unachojua ni boli. Na wakati huo huo, dunia imejaa nchi mpya zenye vyama vya soka vinavyotafuta mtu wa kuwafundisha. Ndiyo hapo wachezaji wengi wa zamani wa England walibeba begi.

Wood alianzia Marekani, 1968, na Los Angeles Wolves katika ligi mpya ya huko. Akaenda Cyprus, akafundisha timu ya taifa. Akapita Ugiriki. Akafanya kazi nchi za Ghuba. Na katikati ya safari hizo akatua Nairobi.

Hebu weka picha ya Nairobi ya 1975 kichwani. Kasarani haipo, itajengwa baadaye kwa michezo ya 1987. Nyayo haipo pia, hiyo ni ya miaka ya 80. Boli kubwa inachezwa pale Jogoo Road, uwanja ambao wewe unaujua kama City Stadium. Ligi ni ya moto: Gor Mahia walikuwa wamebeba 1974, Luo Union wakabeba 1975, na Abaluhya, ambao kuanzia 1980 waliitwa AFC Leopards, wako hapo wakiwapumulia. Kama hukufika uwanjani, unashika redio, VOK, na Leonard Mambo Mbotela anakuchorea mechi kwa mdomo hadi unaona vumbi.

Stars yenyewe ilikuwa imeonja ukubwa. Mwaka 1972, baada ya kazi ya Mjerumani Eckhard Krautzun mwaka uliotangulia, Kenya ilicheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, huko Cameroon. Halafu ikaanza ile tabia yetu: kocha anakuja, kocha anaenda. Mzungu, kisha mwenyeji, kisha mzungu tena. Wood aliingia kwenye foleni hiyo.

Na 1975, mwaka ambao jina lake liko kwenye orodha ya makocha wa Stars, Kenya ilienda Zambia kucheza CECAFA na kurudi na kombe. Fainali ilikuwa dhidi ya Malawi. Dakika zote zikaisha bila bao, ikaenda penalti, na Kenya ikashinda. Mashindano hayo yalikuwa yameanza kwa jina la CECAFA 1973. Uganda wakabeba ya kwanza, Tanzania ya pili, na hiyo ya tatu ikawa yetu. Baada ya hapo tulingoja hadi 1981 kulibeba tena, chini ya Marshall Mulwa, na golini akiwa Mahmoud Abbas, yule mliyesikia wazee wakimwita Kenya One.

Sasa jiulize: kombe la kwanza la CECAFA la nchi hii lilipatikana kwa penalti, mwaka ambao timu ilikuwa na kocha aliyekuwa kipa wa Busby Babes. Umewahi kusikia mtu akiisimulia hiyo? Kwenye matatu ya 46? Kwa kinyozi pale Kangemi? Hakuna. Wood alikuja, akafanya kazi, akabeba begi lake akaenda nchi ingine, na sisi tukaendelea kubadilisha makocha. Kombe la Afrika tulirudi 1988, miaka 16 baada ya lile la kwanza.

Kipa akishika timu

Kuna watu husema kipa hawezi kuwa kocha mzuri, eti hajui kushambulia. Fikiria tena. Kipa ndiye mtu pekee anayeona uwanja mzima dakika 90. Anaona beki anayechelewa kurudi, anaona kiungo aliyechoka, anaona nafasi kabla adui hajaiona. Na kazi yake nusu ni kupiga kelele kupanga watu. Hiyo si kocha tayari?

Ushahidi uko hapa nyumbani. James Siang'a alikuwa kipa wa Gor Mahia na wa Stars kwenye Kombe la Afrika la 1972. Akageuka kocha, akafundisha hapa Kenya, kisha akavuka mpaka kwenda Tanzania. Mwaka 2003 akiwa na Simba, alipangiwa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Cairo, ikaenda penalti, na Juma Kaseja akawa ukuta. Simba 3, Zamalek 2. Bingwa wa Afrika akatolewa nyumbani kwake na timu ya Kocha Siang'a, na Simba wakaingia hatua ya makundi. Watanzania hadi leo wanaiongea hiyo siku.

Siang'a alitutoka 2016. Uliza vijana 10 pale Dagoretti Corner Siang'a alikuwa nani, uone utapata majibu mangapi. Wood angalau ana sababu ya kusahaulika huku, alikuwa mgeni wa muda mfupi. Siang'a alikuwa wetu.

Mwisho kando ya bahari

Baada ya kuzunguka dunia, Wood alirudi Uingereza na kukaa Bexhill, mji wa pwani ya kusini, mbali na makaa ya Hebburn na mbali na kelele za Manchester. Huko aliingia kwa biashara ya nguo. Ndiyo, umesoma vizuri. Bingwa wa England mara 2, kocha wa timu za taifa, alikuwa anauza nguo kama msee mwingine yeyote. Wateja wengine huenda walinunua suti bila kujua mzee aliyewapima mabega ametoka wapi.

Mwaka 1998, miaka 40 baada ya Munich, Man U walicheza mechi maalum ya kuwachangia waathiriwa wa ajali na familia zao, na Eric Cantona akarudi Old Trafford kwa ajili hiyo. Miaka 40, buda. Wengine walikuwa wamekufa bila kuona chochote. Wood aliiona.

Tarehe 7 Julai 2002 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 71.

Ukipima maisha yake kwa makombe, utasema ni ya kawaida: ligi 2, fainali moja iliyopotea, mechi 3 za England. Lakini pima kwa kitu kingine. Huyu ni mtu aliyenyang'anywa mambo makubwa mara 3. Kombe la FA alinyang'anywa na bega la mtu. Namba alinyang'anywa na kipa bora kumliko. Marafiki alinyang'anywa na theluji. Kila mara alirudi golini mahali pengine, na golini pakiisha akasimama pembeni kufundisha wengine, hadi huku kwetu.

Na sisi je? Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja Afrika Mashariki, na Ngong Road imepangiwa uwanja wa Talanta kwa ajili yake. Wageni watauliza historia yetu ya boli ni gani. Tutawaonyesha picha ya nani? Tuna kawaida ya kumlaki kocha kama mkombozi pale uwanja wa ndege, kumtukana baada ya sare 2, na kumsahau kabla hajafika kwao. Benni leo, Wood jana, Siang'a juzi. Orodha ni ndefu, na nusu yake hatuijui.

Anza na kidogo. Jumapili hii kwenye boli ya mtaa, iwe ni Kihumbuini kule Kangemi ama kiwanja chochote cha vumbi chenye mawe mawili kama goli, kuna kijana atasukumwa langoni kwa sababu wengine wamekataa. Watamcheka akifungwa, na hakuna atakayemtaja akiokoa. Wewe mtaje. Na akikwambia kipa hawezi kufika popote, mpe story ya msee wa Hebburn aliyefika hadi Jogoo Road.